Huruma ya Diana na Woga wa Wahakiki

Upo mtindo wa kumsifu Wonder Woman ambao umeota mizizi miongoni mwa wahakiki wa hadithi za vibonzo, nao wastahili kupingwa bila kuoneana haya. Kwa mujibu wa mtindo huo, Diana wa Themyscira ni shujaa wa kupendeza kwa kuwa ana huruma: hupiga pale tu anapolazimika, humwinua adui aliyemwangusha, na hutanguliza kamba ya kweli kabla ya upanga. Baada ya sifa hizo mhakiki hunyamaza. Kwamba mhusika huyu hupenda wanawake kama apendavyo wanaume ni jambo linaloachwa nje ya uchambuzi, ama kwa madai kuwa ni faragha yake, ama kwa madai kuwa ni kiraka kilichobandikwa juzi na waandishi wanaofuata upepo. Makala haya yanashikilia kwamba huruma hiyo inayosifiwa haieleweki mapenzi hayo yanapoondolewa.

Greg Rucka, aliyemwandika Diana katika muongo wa kwanza wa karne hii kisha akamrejelea mwaka 2016, aliulizwa mwaka huo kuhusu suala hili, naye akathibitisha bila kuzunguka kwamba Diana si mtu wa kupenda wanaume pekee. Sababu aliyoitoa yahusu msuko wenyewe wa hadithi. Themyscira ni kisiwa cha wanawake watupu, tena ni pepo; anayeishi humo hapungukiwi na kitu, na mapenzi ni mojawapo ya vitu hivyo. Tuseme Diana hangeweza kupenda mtu yeyote kisiwani. Basi siku rubani Steve Trevor anapoanguka pwani kwao, safari inayofuata ingekuwa ya mwari anayemfuata mchumba, na ushujaa wote ungeyeyuka. Lakini Diana alikuwa na mama, dada, marafiki na wapenzi. Aliondoka kwa kuwa ulimwengu wa nje ulikuwa unaangamia na ilibidi mmoja wao aende. Mapenzi ya kisiwani ndiyo kipimo cha kile alichokiacha. Mhakiki anayeyafuta kisha akaendelea kuisifu huruma amefuta gharama na kubakiza risiti.

Yafaa kukiri kwamba hapa Kiswahili chenyewe humkwaza msomaji. Neno shujaa halibagui jinsia, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini maneno yaliyozoeleka kuhusu wanawake wapendanao, usagaji likiwa mbele, hulitaja tendo la mwili na kulitemea mate papo hapo; hayana nafasi ya uaminifu wala majonzi wala kujinyima. Anayeingia katika matini hizi akiwa na neno hilo pekee hatayaona mapenzi hata yakichorwa ukurasa mzima.

Na je, dai la kiraka? Wonder Woman alizuka mwaka 1941, akiwa zao la mwanasaikolojia William Moulton Marston na mchoraji H. G. Peter. Nyumbani kwake Marston aliishi na wanawake wawili, Elizabeth Holloway na Olive Byrne, akazaa na wote wawili. Naye alipofariki mwaka 1947 wanawake hao waliendelea kuishi pamoja kwa miongo kadhaa. Hadithi za miaka hiyo zimejaa mapenzi ya wanawake kwa wanawake, na ni humo humo huruma ya Diana ilimopata sura yake. Chukua mfano wa Paula von Gunther, jasusi katili wa Wanazi. Diana hampigi hadi kumnyamazisha. Anachunguza kinachomsukuma, akagundua kwamba Wanazi wamemshikilia bintiye, kisha anakwenda kumwokoa mtoto. Paula anageuka kuwa mshirika wake. Uovu wa Paula hausamehewi kwa machozi. Anashtakiwa mahakamani kama mhalifu mwingine yeyote. Huruma katika hadithi hii ni namna ya kujua, kazi ya akili kabla ya kuwa hisia, na wale wanaoiita ulaini wa kike yamkini hawajaisoma. Baada ya 1947 hadithi zilishikwa na Robert Kanigher, na Diana akazidi kusawiriwa kama mwanamke anayesumbuliwa na swali la kuolewa na Trevor. Kama kuna kiraka, ndicho hicho.

Aliyeyatambua mapenzi hayo mapema, na kuyatangaza kwa chuki, ni Fredric Wertham, daktari wa magonjwa ya akili. Katika kitabu chake cha mwaka 1954 alimshutumu Diana kwamba ni mwanamke apendaye wanawake na kwa hivyo ni hatari kwa wasichana. Mwaka huo huo wachapishaji wa vibonzo walijiwekea kanuni iliyopiga marufuku hata ishara ya mapenzi ya aina hiyo, na katazo hilo halikuondolewa hadi 1989. Wertham hakuwa mpumbavu, wala hakuwa mtu mbaya kwa kila upande: kliniki yake ya Lafargue mtaani Harlem, iliyofunguliwa mwaka 1946, iliwahudumia Weusi maskini waliofungiwa milango kwingine. Utafiti wa Carol Tilley uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba alipotosha ushahidi wake. Hata hivyo, kuhusu Diana alisoma vizuri kuliko watetezi wake wa leo. Yeye aliona akaogopa. Wao huogopa kwanza, ndipo wasione.

Pingamizi moja lina uzito. Mnamo Oktoba 2016 Umoja wa Mataifa ulimteua Wonder Woman kuwa balozi wa heshima wa wanawake na wasichana, na kufikia Desemba wadhifa huo ulikuwa umekwisha, baada ya wafanyakazi wa Umoja huo kulalamikia mwili wake uliochorwa kwa jicho la mwanamume na vazi lisilomsitiri. Walikuwa na haki. Mchoro na simulizi katika vibonzo mara nyingi huvutana, na katika kisa hiki mchoro umemdhulumu mhusika kwa miaka mingi. Lakini lalamiko hilo lahusu mchoro, na halimpi mhakiki ruhusa ya kutoisoma hadithi.

Basi na aisome The Hiketeia, aliyoiandika Rucka mwaka 2002 na kuchorwa na J. G. Jones. Jina hilo ni la ibada ya Wagiriki wa kale: mnyonge hupiga magoti, akamshika mwenye nguvu na kuomba hifadhi, na akikubaliwa huwa chini ya ulinzi wake. Danielle, msichana mgeni kabisa, anapiga magoti mbele ya Diana. Diana anakubali kabla ya kuuliza chochote. Baadaye ndipo anapobaini kwamba msichana huyo amewaua wanaume waliomwangamiza ndugu yake wa kike, na kwamba Batman yu njiani kumkamata. Nje wamekaa miungu wa kisasi, wakingoja Diana avunje kiapo ili wamrarue. Batman anaposhindwa kwa mabavu anapiga magoti naye, akiomba hifadhi ile ile. Diana anamkatalia. Mwishowe Danielle anajitoa uhai ili kumfungua Diana katika kiapo, na Diana hana la kufanya ila kusimama na maiti ya mtu aliyeahidi kumlinda.

Hakuna mapenzi ya kimwili kati ya wanawake hao wawili, na haihitajiki yawepo. Kilichopo ni mwanamke aliyelelewa mahali ambapo mwanamke mwingine hakuwa mpinzani wala kivuli cha mwanamume fulani. Kwa hivyo anapomwona mgeni amepiga magoti, hahitaji kuambiwa ni mke au binti wa nani ili amthamini. Wanaodai kwamba huruma hii inaweza kung'olewa katika kisiwa ilikoota, kisha ikabaki hai, na wauonyeshe ukurasa wanaoutegemea.