Dawa ya pancha imfikishe mkulima sokoni, isimfumbe macho

Pikipiki imekuwa punda wa mkulima wa leo. Katika maeneo kama Ilula, mkoani Iringa, ndiyo inayotoa nyanya mashambani hadi barabara kuu, na kwingineko ndiyo inayowahisha madumu ya maziwa kituoni kabla hayajaharibika. Msumari mmoja au mwiba wa mgunga ukitoboa tairi katikati ya njia, hasara si bei ya kiraka tu. Lori huondoka, nyanya hulala, na bei ya kesho huenda isiwe ya leo.

Ndiyo maana dawa ya kuziba pancha, yale majimaji mazito yanayouzwa kwenye chupa katika maduka ya vipuri, huwavutia wengi. Muuzaji humwambia mteja kuwa akishaitia kwenye gurudumu, atasahau pancha. Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki inaweza kumgharimu mnunuzi fedha, hata uhai.

Dawa hiyo huwa na nyuzinyuzi au chembechembe za mpira ndani yake. Gurudumu linapozunguka, husambaa na kuganda kwenye upande wa ndani unaotazama barabara. Tairi likitobolewa, upepo unaotoka huisukuma dawa kwenye tundu, nyuzi hizo hunasa na tundu huziba. Kwa tundu dogo, lisilozidi kama milimita 6, dereva anaweza kuendelea na safari bila kushuka. Kwa anayepita njia za porini alfajiri, mbali na fundi, hiyo ni faida isiyopaswa kubezwa.

Hata hivyo, faida hiyo huonekana zaidi kwenye tairi zisizotumia tyubu. Mpira wake ni mnene, na tundu hubaki dogo. Pikipiki nyingi za bodaboda zina ringi za spoku na hutumia tyubu, na hapo mambo hubadilika. Tyubu ni nyembamba na imevutwa na upepo, hivyo msumari ukichezacheza ndani huichana. Mchano hauzibwi na dawa.

Ipo pia pancha ya mzigo. Tairi lenye upepo mdogo likibebeshwa magunia na kugonga jiwe, tyubu hubanwa na ringi na kutoboka. Mara nyingi tundu hilo huwa upande wa ringi, wakati dawa imetupwa upande wa barabara. Aliyenunua chupa akitegemea imwokoe hapo, ametupa fedha zake.

Yapo na mengine. Fundi pancha akikuta tyubu imelowa dawa, gundi ya kiraka haishiki mpaka aisafishe na kuikausha vizuri. Dawa inaweza kuziba mdomo wa kujazia upepo na kuharibu kipimo cha upepo. Nyingine hukauka ndani ya tairi, na zile zilizokusudiwa kudumu mara nyingi huelekezwa zibadilishwe baada ya kama miaka 2. Zisizo na ubora zinaweza kutia kutu ringi za chuma.

Hatari kubwa kuliko zote ni dereva kujiona salama. Tundu likiziba kimyakimya, msumari unaweza kukaa ndani ya tairi kwa wiki nzima ukiendelea kulikata. Tairi lililokwisha au lililochanika ubavuni haliponi kwa dawa yoyote. Likipasuka kwenye mteremko, likiwa na abiria na mzigo, hakuna chupa itakayomsaidia mtu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Dawa ya pancha huuziba ufa kwa muda tu. Ni ya kumfikisha mtu kwa fundi, si ya kumwondolea haja ya fundi. Dereva anayeelewa hivyo hupunguza mwendo baada ya kupata pancha, hupima upepo afikapo, na tairi hufunguliwa likakaguliwa.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi na asome ubavu wa tairi lake. Likiwa na neno "Tubeless" na ndani hakuna tyubu, dawa yenye maelekezo yanayosomeka inaweza kumfaa. Kama anatumia tyubu, fedha hiyo ingefanya kazi zaidi kwa kununua tyubu ya akiba iliyo imara, pampu ya mkono na kipimo cha upepo. Kujaza upepo kwa kiwango kilichoelekezwa na mtengenezaji wa pikipiki, na kutozidisha mzigo, huzuia pancha nyingi ambazo dawa haiwezi kuziziba.

Wenye maduka ya vipuri nao wana wajibu. Ni vyema wamuulize mteja aina ya gurudumu lake kabla ya kumuuzia, na waache kuuza chupa zisizo na maelekezo wala jina la mtengenezaji. Mteja aliyedanganywa mara moja harudi, na katika kijiji habari hizo husambaa upesi. Vikundi vya bodaboda navyo vinaweza kuchangishana na kununua kipimo kimoja cha upepo kikae kijiweni, kila dereva apime asubuhi kabla ya kupakia.