Urithi wa Grzimek Serengeti na deni kwa watu wa Mugeta

UKINGONI mwa kreta ya Ngorongoro lipo kaburi la mawe ambalo magari ya watalii hulipita kila siku. Humo amezikwa Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyefariki dunia Januari 10, 1959 akiwa na umri wa miaka 24, baada ya ndege yake ndogo, iliyopakwa michirizi ya pundamilia, kugongana na tai angani. Majivu ya baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, aliyefariki mwaka 1987, yalizikwa hapo hapo kando ya mwanawe.

Upande wa pili wa Serengeti, magharibi, katika kata ya Mugeta mkoani Mara, hakuna mnara wa namna hiyo. Kuna mashamba ya mahindi, mtama na pamba, na kuna tembo wanaoingia usiku. Hata hivyo, nchi hiyo nayo ina historia ya familia waanzilishi, tena ya kale kuliko ile ya akina Grzimek, na inahusu ardhi na wanyama hao hao.

Mwandishi wa makala haya hana ugomvi na marehemu hao wawili. Kazi waliyoifanya ilikuwa kubwa. Profesa Grzimek alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt tangu mwaka 1945. Yeye na mwanawe walifika Serengeti wakati serikali ya kikoloni ikikusudia kubadili mipaka ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1951. Walijifunza kurusha ndege, wakahesabu wanyama kutoka angani mwaka 1958 na kupata 366,980, na wakafuatilia njia za nyumbu ili kuonyesha kwamba makundi hayo hayaifuati mipaka iliyochorwa ofisini.

Mipaka ilibadilishwa vivyo hivyo. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, nayo hifadhi ikaongezewa eneo la kaskazini hadi mpakani mwa Kenya. Lakini filamu yao ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na jina la Serengeti likaenea duniani kote. Shirika la uhifadhi la Frankfurt ambalo profesa huyo aliliongoza bado linafanya kazi Serengeti hadi leo. Huo ndio urithi wa familia hiyo, na taifa limefaidika nao.

Tatizo ni picha iliyobaki vichwani mwa watu: kwamba Serengeti ilikuwa pori tupu lisilo na mwenyewe, hadi wageni walipokuja kulipenda na kuliokoa.

Waikizu, ambao Mugeta imo katika nchi yao, husimulia habari nyingine. Kwa mujibu wa masimulizi yao, shujaa Muriho aliishika nchi hiyo na mlima wa Chamuriho ukapata jina lake. Baadaye akaja Nyakinywa, mwanamke mwenye uwezo wa kuleta mvua, akitokea Kanadi upande wa Usukuma. Alimkuta Isamongo, mwindaji mwenye moto. Katika mapatano ya wawili hao, mvua kwa moto, ndipo ulipozaliwa utemi wa Ikizu. Watemi wa mvua waliendelea hadi zama za Waingereza, alipotawala Makongoro, na hadi serikali huru ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963.

Majirani zao Wanata nao husimulia kuhusu Nyamunywa mwindaji na Nyasigonko mkulima, mume na mke wa kwanza. Waikoma wana Machaba, pembe za ndovu zinazotunzwa kwa heshima kubwa kama kinga ya kabila zima. Itazame mifano hiyo kwa pamoja: ukoo unaanza pale mtu wa porini anapokutana na mtu wa shamba. Mnyama yumo katika simulizi la mwanzo kabisa la jamii, na wala si mgeni aliyeletwa na sheria.

Kwa nini basi wageni wa mwanzo waliona pori tupu? Jibu liko katika miaka ya 1890. Ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe na nyumbu kwa wingi, njaa ikafuata, na uvamizi na maradhi vikawafukuza watu kutoka mbugani kuelekea kwenye vilima vya magharibi. Mahali palipokuwa na makazi pakaota vichaka, mbung'o wakaingia, na ndorobo ikazuia watu kurudi. Waliofika baadaye wakiwa na bunduki na kamera waliyakuta magofu ya jamii iliyopatwa na msiba wakadhani ndiyo asili yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi wa mjini hawalijui. Katika hesabu ya akina Grzimek nyumbu hawakufika 100,000. Kufikia mwaka 1977 walikuwa kiasi cha milioni 1.3. Hesabu ile ya kwanza huenda iliwakosa wengi, lakini watafiti wanakubaliana kuhusu sababu kubwa ya ongezeko: ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi walichanjwa dhidi ya sotoka, na ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu pia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa maneno mengine, msafara wa nyumbu ambao dunia nzima huja kuutazama uliokolewa kwa sehemu kubwa katika mazizi ya wafugaji. Hakuna filamu iliyopata tuzo kwa ajili ya sindano hizo.

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huo huo, aliuona uzito wa jambo hili mapema. Katika Tamko la Arusha la Septemba 1961 kuhusu wanyamapori, serikali yake iliahidi kuwalinda wanyama hao kwa ajili ya vizazi vijavyo, ikiwataja kuwa sehemu ya maliasili na ya maisha ya baadaye ya wananchi. Ahadi ilikuwa na pande mbili, na upande wa pili ndio unaodaiwa.

Mwaka 1994 maeneo ya Grumeti na Ikorongo yalipandishwa hadhi kuwa mapori ya akiba. Kwa wahifadhi ilikuwa ngao ya hifadhi upande wa magharibi. Kwa wanavijiji ilikuwa mara nyingine tena mahali penye majina ya mababu zao pamefungwa, na kijana anayekutwa na nyama ya nyumbu anaitwa jangili kwa kazi ambayo babu yake aliitwa fundi.

Tembo nao, waliopungua mno kwa ujangili wa miaka ya 1970 na 1980, wameongezeka tangu biashara ya pembe ilipopigwa marufuku kimataifa mwaka 1989. Ni habari njema Frankfurt na Dar es Salaam. Kwa mkulima wa Bunda ina maana ya kukesha shambani na tochi na debe la kupiga kelele.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kisichozidi Sh100,000 kwa ekari, mwisho ekari tano, na kifuta machozi cha Sh1,000,000 kwa familia iliyopoteza mtu. Viwango hivyo vimeongezwa baadaye, lakini majina yenyewe yanasema kila kitu. Sheria haikutumia neno fidia. Mtu hufutwa jasho na machozi kwa hisani. Fidia hulipwa mwenye haki.

Katika miaka hii ya 2020 suala hilo limerudi kwa sura kubwa zaidi. Serikali iliamua kuwahamisha wakazi wa kata ya Nyatwali, pembezoni mwa Ziwa Victoria wilayani Bunda, ili wanyama wa Serengeti wapate njia ya kufikia maji ya Ghuba ya Speke. Hapo angalau neno fidia lilitumika, na mjadala wa kiasi gani kwa ekari ukawa mkali, kama ilivyotarajiwa. Kwa hoja ya kiikolojia mpango huo unaeleweka; hata akina Grzimek wangeukubali, maana ni hoja yao ile ile ya kufuata njia za wanyama.

Lakini Mugeta haihami. Wakazi wake watabaki jirani na tembo hao. Kwao la kwanza ni malipo yanayofika kwa wakati. Taarifa ya shamba lililoliwa hutoka kijijini, ikapita kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, ikaenda wizarani, na mkulima husubiri huku msimu wa kupanda ukimfikia. La pili halihitaji bajeti kubwa: mtalii anayesimama kwenye kaburi la Michael aelezwe pia, na waongozaji wa kitanzania, habari za Nyakinywa na Isamongo, na mlima Chamuriho uwekwe katika ramani za utalii wa mkoa wa Mara ilhali wazee wanaoijua historia yake wangali hai.