Ramani ya wanyama isiyoijua Kibara

Jana hosteli tulibishana hadi saa sita usiku. Jamaa yangu anadai siku hizi kompyuta inajua wanyama wa Serengeti walipo kuliko mzee yeyote wa kijijini. Nikamwambia, taratibu bwana.

Sikatai, kazi imefanyika. Mwaka 2010 mradi wa Snapshot Serengeti ulianza kutega kamera 225 kwenye kilometa za mraba 1,125 ndani ya hifadhi. Mwaka 2018 watafiti wakaonyesha kwamba kompyuta iliyofundishwa kwa picha hizo inatambua aina 48 za wanyama kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 93. Hapo nawapa tano.

Ila mashine inajua kile ilichoonyeshwa tu. Kwetu Kibara kiboko anatoka ziwani usiku, anamaliza mahindi ya bibi, alfajiri kesharudi Ghuba ya Speke. Kamera iko wapi? Ukichora ramani kwa picha za hifadhini peke yake, shamba la bibi linabaki jeupe. Anayepanga doria au kifuta jasho akiiangalia, si atasema huko hakuna mnyama?

Msimamo wangu: kabla ya kuamini ramani, tuulize kamera zilitegwa wapi. Halafu wakulima na wavuvi wetu waandikishe nyayo wanazoziona, nazo zikaifundishe mashine. Bibi hajui kompyuta, lakini njia ya kiboko anaijua!

Mnasemaje wadau? Nawakilisha.