MWENYE HAYA APEWE BIRIKA, ASIPEWE KIPAZA SAUTI

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Likizo zinapofika, hasa ile ya Agosti na ile ya Desemba, kadi za mialiko humiminika nyumbani mithili ya mvua ya masika. Binamu anaoa, shangazi anaolewa, kijana wa jirani naye ati amepata jiko. Wengi wetu hufurahi ghaya ya kufurahi, na nguo hupigwa pasi wiki nzima kabla ya siku yenyewe. Lakini wapo wengine, na si wachache hata katika shule yetu hii, ambao wakisikia neno harusi tumbo huwakata. Si kwamba wanawaonea maharusi kijicho, la hasha! Ni kwamba wana haya. Hao ndio ninaotaka kuwatetea leo, na mimi mwenyewe nimo.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Sisi wa Chama twajua kuwa haya na aibu si kitu kimoja. Aibu humpata mtu kwa jambo baya alilolitenda au alilotendewa. Haya ni tabia ya kujistahi, ya kuchunga macho na ulimi mbele za watu. Ndiyo maana ukitaka kumtusi mtu vibaya humwambii kuwa ana haya, bali humwambia kuwa hana haya! Basi ni jambo la kushangaza kuwa mtoto yule yule anayesifiwa kwa haya zake Jumatatu hadi Ijumaa, ifikapo Jumamosi ya harusi anakaripiwa mbele ya hema zima: "Wee, mbona una haya hivyo? Ingia ucheze!" Sasa tushike lipi, tuache lipi?

Kwa faida ya wale ambao Mungu amewajalia ndimi nyepesi, acha nieleze yanayompata mgeni wa aina hii. Kwanza ni mtihani wa jamaa. Hujaketi vizuri, mama mmoja aliyejitanda leso amekwisha kukushika mkono. "Unanijua mimi?" Ukisema ndiyo, anauliza, "Haya, mimi ni nani?" Ukisema la, anawageukia wenzake: "Mmewaona watoto wa siku hizi?" Lugha yetu ina jina la kila jamaa. Shangazi ni dada ya baba, halati ni dada ya mama, ami ni ndugu ya baba, mjomba ni ndugu ya mama, naye mkewe ni mkaza mjomba. Lakini kujua msamiati darasani ni jambo moja, na kuzijua sura za watu mia mbili chini ya hema ni jambo jingine kabisa.

Pili huja maswali. Unakuwa wa ngapi darasani? Mbona umekonda, kwani hamli huko shuleni? Mwenye haya hujibu neno moja moja, na aliyeuliza huondoka akidhani kuwa kijana ana maringo. Tatu, na hilo ndilo pigo kubwa, huja mfawidhi wa sherehe, yule tunayemwita emsii. "Namwona kijana pale amejificha nyuma ya masufuria! Mleteni hapa atuonyeshe mtindo!" Watu wote wanageuza shingo. Simu zinainuliwa juu. Kabla keki haijakatwa, ule uchezaji wako wa mtu aliyekanyaga siafu umekwisha kuwafikia jamaa walio ng'ambo kwa WhatsApp.

Huenda ukasema hayo ni ya kuchekesha tu na kwamba kijana atazoea. Ngoja nikwambie.

Nina binamu yangu mmoja, mvulana mpole sana. Aliitwa mbele za watu kwa njia hiyo hiyo katika harusi moja ya ukoo wetu. Alisimama pale akitetemeka kama unyasi, na watu wakacheka hadi machozi yakawatoka. Hakuna aliyemtakia mabaya, walidhani ni mzaha. Tangu siku hiyo hakwenda harusi tena. Mara kichwa kinamuuma, mara ana kazi nyingi ya shule. Ikapita miaka mitatu hivyo. Kisha babu yetu akafariki. Binamu akaja matangani, na pale langoni halati ya mamake akamuuliza, "Wewe ni kijana wa nani?" Siku ile aliulizwa swali hilo mara nne, nyumbani kwa babu yake mwenyewe. Jioni aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Nimekuja kulia na watu wasionijua."

Hapo ndipo nilipotambua kuwa jambo hili halihusu densi hata kidogo. Harusini ndiko tunakojuana. Huko ndiko unakomjua ami atakayekuja kukusaidia karo, na shangazi utakayemkimbilia siku baba akiwa mkali. Anayefukuzwa harusini kwa kicheko hufukuzwa pia katika ukoo wake, na siku ya msiba si siku ya kuanza kufahamiana.

Je, zamani hapakuwa na watu wenye haya? Walikuwapo tele, ila harusi zenyewe ziliwapa mahali pao. Tazama Pwani, ambako mengi ya mambo haya yapo hata sasa. Wanawake wa mtaa hukusanyika kupepeta mchele na kukata vitunguu. Wengine hupiga vugo, zile pembe zinazogongwa kwa vijiti, wakaimba pamoja. Wengine hushughulika na bibi harusi akiwa na somo wake. Wanaume nao huenda kushuhudia akdi. Chakula kikiiva, watu huketi mkekani wanne au watano wakalizunguka sinia moja la pilau. Mwenye haya hapo ana shida gani? Wa kuzungumza nao ni hao wanne tu, na mdomo una kazi nyingine ya kufanya.

Bara nako kuna hekima yake. Katika sherehe za kimila za Wakikuyu, wasichana kadhaa hufunikwa gubigubi kwa leso, kisha bwana harusi hutakiwa amtambue mchumba wake kati yao. Akikosea hutozwa faini, na kicheko humwangukia yeye. Hebu fikiri: msichana mwenye haya yumo katikati kabisa mwa sherehe, macho yote yanamtazama, na hakuna anayemwona! Kadhalika wageni wanapofungiwa lango na kutakiwa waimbe ndipo wafunguliwe, huimba wote kwa pamoja. Mwenye sauti ndogo huificha ndani ya sauti za wenzake, na lango hufunguliwa kwa ajili yake pia.

Leo, hasa mijini, mambo yamegeuka. Kamati huchanga pesa, wapishi hukodiwa, hema na viti huletwa kwa lori, na mfawidhi hulipwa. Silaumu, kwa maana mama zetu nao wanastahili kuketi wakala kama watu wengine. Lakini tazama tulivyofanya. Tumewanyang'anya vijana kazi zote za harusi, tukawaachia moja tu, nayo ni kuonekana. Na hiyo ndiyo kazi ambayo mwenye haya haiwezi.

Wahenga walinena, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nasema mgeni mwenye haya apewe jembe siku ile ile ya kwanza! Harusi moja ya shangazi yangu, mama alinipa birika na beseni ili niwanawishe watu mikono. Kazi yenyewe ni ndogo, lakini kila mkono ulionyooshwa ulikuja na salamu. "Ahsante mwanangu. Kumbe wewe ni wa fulani? Babako tulisoma naye." Nilisalimiana na watu wasiopungua hamsini, na hakuna hata mmoja aliyeniita mtu wa maringo. Sikuhitaji kutafuta la kusema. Maji yalisema kwa niaba yangu.

Wapo watakaonipinga. Wazazi wengine watasema kuwa huku ni kudekeza watoto, na kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Nawajibu kwa heshima: sijasema mwenye haya aachwe nyumbani alale, wala sijasema apewe kiti cha nyuma. Kunawisha wageni mia mbili mikono kwa saa moja, miguu ikikuwasha, ni kudekezwa kwa namna gani? Tofauti ni kuwa kazi humjenga mtu, lakini kuchekwa hakujamfundisha mtu kuzungumza. Kama kungefundisha, binamu yangu angekuwa msemaji mkuu wa ukoo.

Wengine watasema kuwa furaha ya harusi ni kelele, na asiyepiga kelele haongezi kitu. Je, ni kweli? Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inatambua ndoa za aina 5 hapa Kenya: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Sheria hiyo inataka ndoa iwe na mashahidi 2, haikutaja wacheza densi. Najua kuwa sisi wengine hatutii sahihi yoyote mezani, lakini kazi ya kila mgeni, tangu enzi za mababu, ni hiyo ya kushuhudia. Na shahidi hutumia macho. Waulize wenye haya baada ya harusi nani alimpa nani kiti, na bibi harusi alilia saa ngapi. Watakueleza yote, kwa maana wenzao walipokuwa wakipiga kelele wao walikuwa wakitazama.

Isitoshe, tuliwahi kuonjeshwa thamani ya mgeni mmoja. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipotuingilia, serikali iliweka mipaka ya mikusanyiko, na kufikia Julai harusi ziliruhusiwa watu 100 tu. Familia ziliketi na karatasi na kalamu kuamua nani aje na nani abaki. Wakati huo hakuna aliyeuliza, "Je, huyu anajua kucheza?" Walichouliza ni, "Huyu ni nani wetu?"

Nanyi wenye haya wenzangu, msidhani nimekuja kuwapigia makofi tu. Wengi wetu tunajificha nyuma ya methali isemayo kuwa aliye kando haangukiwi na mti. Ni kweli haangukiwi. Lakini pia hakipati kivuli chake. Haya ni pambo, si kisingizio cha kukataa kadi ya mwaliko. Basi nawapa mawaidha machache, nayo hayahitaji pesa.

Fika mapema. Anayefika hema likiwa limejaa hutazamwa na wote, lakini anayefika viti vikipangwa hukaribishwa kwa furaha na kupewa kazi papo hapo. Usiku wa kuamkia harusi, mwulize mama au nyanya ni jamaa gani watakaokuja na wanaitwaje, ili ule mtihani wa "unanijua mimi?" usikukute huna la kujibu. Anza na wazee. Shikamoo moja iliyotamkwa vizuri, huku umeinama kidogo, inatosha kuwa hotuba nzima. Ukiulizwa swali, jibu, kisha uulize lako: "Na safari yenu ilikuwaje?" Wazee wanapenda sana kueleza habari ya barabara na matatu, nawe kazi yako itakuwa ni kutikisa kichwa. Mwisho, usitoroke kimyakimya kama mwizi wa kuku. Muage hata mtu mmoja, huyo atasema kuwa ulikuwapo.

Wazazi wetu, walimu wetu, na nyinyi mnaoshika vipaza sauti, nawaomba jambo moja. Mkitaka kijana aseme au acheze mbele za watu, mwulizeni faraghani kabla ya siku hiyo. Akikubali, mpigieni vigelegele. Akikataa, mpeni birika, au daftari la kuandikia zawadi, au mlango awapokee wageni. Na nyinyi wenzangu wacheshi, ambao bila nyinyi harusi zingepooza, tafadhalini teremsheni simu zenu mwenzenu anapobabaika. Video ya dakika moja inaweza kumtenga mtu na ukoo wake kwa miaka mitatu. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Desemba yaja, na kadi zitakuja nayo. Katika kila hema mtamwona mmoja wetu ameshikilia soda yake kwa mikono miwili, akitazama chini kana kwamba ameangusha shilingi. Msimvute. Mwendeeni, mwambieni, "Njoo unisaidie kubeba sahani hizi." Mtaona atakavyonyanyuka haraka.