Fundi na Aulize Kabla ya Kushika Spana

Pana ugonjwa mmoja wa magari ya zamani ambao umewala watu wengi fedha katika sehemu hizi za Meru na Embu, na nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo zimelipwa bure. Ni ule mtetemeko unaozipata pikapu zenye giaboksi ya otomatiki zikiisha kuzeeka. Gari huenda vyema, lakini likifika mwendo wa kilomita 60 au 80 kwa saa, ghafla huanza kutikisika kana kwamba linapita juu ya mabati. Dereva akikanyaga mafuta zaidi, hutulia. Akilegeza mguu, mtetemeko hurudi. Mwenye gari hulipeleka kwa fundi, na aghalabu fundi hutoa hukumu kabla hata ya kuketi kwenye usukani: giaboksi imekwisha.

Nawaandikia walimu na wanafunzi, wala si wenye magari pekee, kwa sababu naamini kosa hilo halizaliwi gereji. Huzaliwa darasani.

Wazee wetu hawakuujua ugonjwa huu. Pikapu walizobebea kahawa, ndizi na miraa, yaani Peugeot 504, Datsun 1200 na Hilux za mwanzo, zilikuwa za gia za mkono. Klachi ikianza kuteleza, hata abiria aliyeketi nyuma juu ya magunia alijua. Masharti ya biashara ya nje yalipolegezwa katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yakaingia nchini kwa wingi, na miongoni mwake mengi yalikuwa ya otomatiki. Mafundi wetu waliyapokea bila shule, wakajifunza kwa kufungua na kufunga. Siwalaumu kwa hilo; wamefanya makubwa kwa zana chache.

Katika gari la otomatiki, injini haishikamani moja kwa moja na giaboksi. Kati yake pana chombo cha mviringo kilichojaa mafuta, ambacho mafundi hukiita toki konvata. Fikiria feni mbili zinazotazamana: moja ikizunguka, upepo wake huizungusha ya pili. Hapa badala ya upepo kuna mafuta. Kwa kuwa mafuta huteleza, nguvu kiasi hupotea njiani. Bei ya petroli ilipopanda katika miaka ya 1970, watengenezaji wakaanza kutia humo klachi ndogo ambayo hufunga gari likishika mwendo uliotulia, ili nguvu ipite bila kupotea. Mafuta ya giaboksi yakichoka, klachi hiyo haishiki wala haiachi. Hushika, huteleza, hushika tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Mwalimu amepata kuliona jambo hili mara elfu: chaki ikisukumwa ubaoni kwa pembe mbaya huruka-ruka, hulia, na kuacha mstari wa nukta nukta. Ni fizikia ile ile.

Jirani yangu wa upande wa Nkubu, mwalimu mstaafu, ana pikapu ya namna hiyo, naye huitumia kupeleka ndizi Nairobi. Ilipoanza kutetemeka, aliipeleka gereji moja ambayo sitaitaja. Fundi akaizungusha mjini, akaipandisha mlima, akarudi. “Mimi sijasikia kitu, Mwalimu,” akasema, “lakini giaboksi hizi zikizeeka hazina dawa. Tutafute nyingine Nairobi.” Bei aliyotajiwa ilikaribia thamani ya gari lenyewe.

Safari iliyofuata alisimama Embu, na kijana mmoja wa gereji akamwuliza swali ambalo hakuwa ameulizwa: “Samahani, Mwalimu, hutetemeka wapi hasa?”

“Nikishateremka Mwea.”

“Na huku juu, baina ya Chuka na Runyenjes?”

“Huku sijapata kuisikia.”

Msomaji anayeijua barabara ya kutoka Meru hadi Embu amekwisha kuelewa. Ni barabara ya mabonde: Mutonga, Nithi, Thuci. Dereva hupanda akikanyaga mafuta, hushuka akishika breki, na ile klachi ndogo haipati nafasi ya kufunga na kutulia. Ukipita Embu kuelekea Nairobi, nchi hulala. Mashamba ya mpunga ya Mwea ni tambarare, mwendo hutulia, klachi hufunga, na ugonjwa hujitokeza. Fundi wa kwanza hakusema uongo aliposema kwamba hakusikia kitu. Alitafuta maradhi mahali ambapo hayawezi kuonekana, kisha akayatibu kwa kukisia.

Kijana alishuka na mwenye gari hadi Mwea. Mtetemeko ulipoanza, alimwomba dereva aiguse breki kwa mguu wa kushoto, polepole, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu, bila kuondoa mguu wa kulia kwenye mafuta. Swichi ya breki ndiyo inayoiamuru klachi ile iachie. Mtetemeko ukakoma papo hapo. Hapo ilijulikana kwamba mashaka hayatoki kwenye magurudumu wala shafti ya nyuma, kwani hivyo havijali klachi imefunga au imeachia. Hufuata mwendo wa gari tu. (Jaribio hili lafaa lifanywe barabara ikiwa tupu na nyuma hakuna gari.)

Lakini hakukimbilia giaboksi, na hapa ndipo nilipomvulia kofia. Injini yenye plagi dhaifu nayo huweza kujificha nyuma ya mafuta ya konvata, maana mafuta hayo ni kama godoro. Klachi ikifunga, godoro huondolewa, na kila kukosa kwa injini hufika kwenye kiti cha dereva. Breki ikiguswa, godoro hurudi, nawe ukadhani umemkamata mwizi kumbe umemkamata shahidi. Akafungua plagi, akakuta mbili zimelika, akazibadilisha. Mtetemeko ukapungua, lakini haukwisha. Ndipo alipopima mafuta ya giaboksi, injini ikiwa moto na inanguruma, gari likiwa mahali tambarare. Badala ya wekundu yalikuwa ya kahawia, yakinuka kuungua. Akayamwaga, akatia ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti cha kupimia, na wiki iliyofuata akarudia, kwa sababu umwagaji mmoja huacha mafuta mengi ya zamani ndani ya konvata. Gari likapona. Sidai kwamba kila gari hupona hivyo. Mafuta yakitoka na vipande vya chuma, hukumu ya yule fundi wa kwanza huwa ndiyo ya haki.

Sasa, nani alimfunza kijana huyu kuuliza? Si mitihani yetu. Mitihani yetu hupenda orodha: taja sehemu sita za giaboksi, eleza kazi ya klachi. Mwanafunzi anayekariri hupasi, kisha hukutana na gari lisilojua orodha. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 tuliahidiwa kazi za mikono, na mtaala wa umilisi ulioingia madarasani kote nchini mwaka wa 2019 umetuahidi hayo hayo kwa maneno mapya. Ahadi zote mbili nazipenda. Ninachouliza ni kama zinampa mtahiniwa kitu kibovu na ruhusa ya kukichunguza.

Jambo la lugha nalo lanisumbua. Darasani giaboksi hufunzwa kwa Kiingereza. Gerejini mteja hulalamika kwa Kiswahili, Kimeru au Kiembu. Maneno kama kutikisika, kutetemeka, kugonga na kuvuma si mamoja, na kila moja humwelekeza fundi mahali tofauti, lakini sijaona somo linalompa mwanafunzi wa ufundi zoezi la kuyatofautisha. Walimu wa Kiswahili wangeweza kulifanya kesho asubuhi, bila kununua hata spana moja.

Kwa watahini wa vyuo vya ufundi, kuanzia chuo cha taifa kilichoko Meru hadi vile vidogo vya vijijini, pendekezo langu ni hili: mpeni mtahiniwa pikapu inayotetemeka, mwenye gari akiwa kando yake, karatasi tupu na nusu saa. Aandike maswali aliyouliza na majibu aliyopata. Sanduku la zana libaki limefungwa hadi karatasi hiyo ikusanywe, na karatasi hiyo ibebe nusu ya alama.