Nyumbu hawakuwanyima watu wa Mugumu barabara



Kuna hadithi tumeuziwa tangu mwaka 2010 na mpaka leo bado inauzika. Inasema hivi: watu wa Mugumu walikuwa wapate barabara ya lami, wazungu na Wakenya wakaja juu kutetea nyumbu, serikali ikanywea, na watu wa Mugumu wakaachiwa vumbi lao. Nyumbu kashinda, Mkurya kashindwa.

Ni hadithi tamu. Ukiisimulia Musoma mjini jioni unanunuliwa soda. Tatizo lake ni moja tu: si ya kweli.

Kabla hamjanirushia mawe, nina ndugu wa damu Mugumu. Vumbi la kule sikuhadithiwa, nimelila. Najua maana ya kufika mjini nguo nyeupe imekuwa rangi ya kahawia, na najua mama mwenye mahindi anavyopangiwa bei na mwenye lori kwa sababu lori lenyewe ni moja. Kwa hiyo sipo hapa kuwaambia watu wa Serengeti na Tarime wavumilie ili mtalii apige picha. Nipo hapa kuuliza swali ambalo hadithi ile inalifunika: barabara ipi?

Tuanze na ramani, maana wengi tunabishana bila kuiangalia.

Barabara iliyoleta ugomvi ilikuwa ya kuunganisha Arusha na Musoma. Inaanzia Mto wa Mbu, inapita Engare Sero chini ya Ol Doinyo Lengai, inapanda hadi Loliondo, inaingia Hifadhi ya Serengeti kupitia lango la Kleins, inakata kaskazini ya hifadhi kwa kilomita 53, inatokea upande wa Mugumu, kisha Natta, hadi Makutano Juu kwenye barabara kuu ya Mwanza–Sirari. Rais Jakaya Kikwete aliinadi kwenye kampeni, na mwaka 2010 serikali ikasema ujenzi uko njiani. Kelele zikaanza.

Sasa niambieni, mkazi wa Mugumu anakwenda wapi? Akiugua ugonjwa mzito anapelekwa Bugando, Mwanza. Ofisi za mkoa ziko Musoma. Mahindi, ulezi na ng'ombe wake soko lake ni Musoma, Tarime na mpakani Sirari. Yote hayo yako magharibi na kaskazini ya Mugumu, nje ya hifadhi. Hifadhi iko mashariki.

Barabara anazozihitaji ni mbili. Moja ni Mugumu–Natta–Makutano. Ya pili ni Mugumu–Nyamongo–Tarime, inayovuka Mto Mara nje ya hifadhi. Hakuna mzungu aliyeandamana kupinga hizo. Hakuna mahakama iliyozizuia. Hakuna nyumbu aliyelala katikati yake.

Na bado zilichelewa! Kipande cha Makutano–Sanzate ni kilomita 50 tu. Kilianza mwaka 2013, kikasuasua miaka na miaka, ndipo kazi ikaanza kusogea kuelekea Natta. Na hii ya Tarime ndiyo inaniuma zaidi. Pale Nyamongo kuna mgodi wa North Mara, unachimba dhahabu tangu mwaka 2002. Dhahabu, jamani! Upande mmoja dhahabu, upande wa pili hifadhi maarufu kuliko zote duniani, na barabara inayounganisha Tarime na Mugumu ikaingia miaka ya 2020 ndiyo kwanza inawekwa lami kwa vipande. Nani alaumiwe hapo? Nyumbu?

Ndiyo maana nasema tumepigwa changa la macho. Kilomita 53 za hifadhini zimekuwa kisingizio cha kilomita zote nyingine.

"Lakini mwandishi, watu wa Mara nao wana haki ya kufika Arusha." Kweli kabisa. Leo msafiri wa Musoma kwenda Arusha ana mawili: apite katikati ya Serengeti na Ngorongoro kwa basi, alipe viingilio kama anakwenda kutalii, au azunguke Mwanza, Shinyanga, Singida na Babati. Mwaka 2011, watu walipokuwa wakimiminika Samunge kwa Babu wa Loliondo, tuliona wote hali ya barabara za kule: foleni ya magari, wagonjwa ndani, siku zinakatika. Shida ni ya kweli.

Lakini njia ya kuitibu si moja. Ipo ya kusini: Karatu, Mbulu, Haydom, daraja la Mto Sibiti, Lalago, Maswa. Ukifika Maswa, lami ipo kwenda Bariadi hadi Lamadi, na kutoka Lamadi unakwenda Bunda na Musoma. Ni ndefu zaidi kwa anayetoka Arusha kwenda Musoma, sikatai. Ila hesabu watu. Njia hii inapita kwa wakulima wa Mbulu, watu wa Mkalama, Wasukuma wa Meatu na Maswa: wilaya nzima nzima zenye pamba, vitunguu na ng'ombe, ambazo nazo zimekuwa zikila vumbi kimya kimya. Na haigusi hata kilomita moja ya hifadhi ya Serengeti.

Barabara kuu haijengwi kwa ajili ya lori linalokimbia kutoka mwisho hadi mwisho peke yake. Inajengwa kwa ajili ya wanaokaa katikati. Kwenye zile kilomita 53 hakai mtu. Sasa unajenga kwa ajili ya nani?

Wengine watasema: kwani nyumbu akivuka lami anakufa? Si wapo Mikumi? Asante kwa mfano huo. Kila anayesafiri kwenda Iringa au Mbeya anaijua Mikumi: barabara kuu ya Zambia inakata hifadhi ile kwa karibu kilomita 50. Kuna matuta, kuna vibao vya mwendo, kuna bango linalokuambia faini ya kila mnyama utakayemgonga. Na bado wanagongwa, hasa usiku. Na wanyama wa Mikumi hawahami kwa mamia elfu kama wa Serengeti.

Nyumbu wa Serengeti ni kama milioni 1.3. Kiangazi kikikaza, kuanzia Julai hivi, wanakwenda kaskazini kwa sababu ndiko uliko Mto Mara, mto wa eneo lile usiokauka. Hawaendi matembezi. Wanafuata maji na nyasi, na barabara ile inakatiza hapo hapo wanapopita. Kundi la nyumbu likikutana na msururu wa malori usiku, zitatokea ajali, na watakufa watu pia. Watu wakifa, sisi wenyewe ndio tutakaodai uzio. Uzio ukijengwa, hadithi imekwisha. Botswana walijenga uzio wa Kuke mwaka 1958 kwa ajili ya magonjwa ya mifugo. Ukame wa miaka ya 1980 ulipokuja, nyumbu wa Kalahari wakakosa njia ya kufikia maji, wakafa kwa makumi elfu. Kwa Serengeti, watafiti walikokotoa mwaka 2011 kwamba njia ya kaskazini ikizibwa, nyumbu wanaweza kupungua kwa karibu theluthi.

Wakipungua, nyasi zinabaki ndefu, moto unakuwa mkubwa, simba na fisi wanapungua, watalii wanapungua, na dola zinazolipa mishahara na miradi mpaka huku kwetu mjini zinapungua. Hiyo ni hesabu ya Mtanzania, si ya mzungu.

Na hili la Wakenya. Ni kweli kesi ilifunguliwa na shirika la kutetea wanyama lenye makao Nairobi, na tukapiga kelele kwamba majirani wanatuonea wivu. Lakini Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoisikiliza ipo Arusha, na Mkataba iliousimamia tuliusaini wenyewe. Juni 2014 mahakama ikasema kujenga barabara ya lami kukatiza hifadhi ni kuvunja Mkataba huo. Haikusema Mugumu wasipate lami. Haikusema Loliondo wasipate lami. Serikali yenyewe, kupitia Waziri wa Maliasili na Utalii Ezekiel Maige, ilikuwa imeshaiandikia UNESCO mwaka 2011 kwamba zile kilomita 53 zitabaki za changarawe chini ya TANAPA.

Hapo msilale. Upande wa Loliondo, Wasso hadi Sale, kilomita 49, lami imeshawekwa, na ni halali yao. Upande wa Natta nako lami inasogea, nayo ni halali. Siku ncha mbili zitakapoangaliana, wenye malori watauliza, "Kimebaki kidogo tu hapo katikati, kwa nini?" Nao changarawe itawatosha. Lori halihitaji lami kumgonga nyumbu, linahitaji ruhusa ya kupita. Vita vya baadaye havitakuwa vya lami, vitakuwa vya nani anapita na saa ngapi.

Sasa niwageukie na wale wa upande wa pili, maana wamezoea kupigiwa makofi.

Ninyi mliojaza dunia kwa barua na makala mwaka 2010 na 2011, mlipata mlichotaka. Ujerumani na Benki ya Dunia zikajitokeza kusema ziko tayari kusaidia njia mbadala. Tukafurahi. Kisha? Kutoka barua ile ya UNESCO mwaka 2011 hadi serikali kusaini mkataba wa Karatu–Mbulu–Haydom–Sibiti–Lalago–Maswa, kilomita 339, Juni 2023, ni miaka 12. Miaka 12! Na kusaini ni wino, si lami. Nyumbu walipokuwa salama, kelele zenu zilikwenda wapi? Mtu wa Haydom hana pembe wala mkia, kwa hiyo hana filamu.

Na mtu wa Mugumu anayelala shambani akipiga debe kufukuza tembo, kisha akiliwa mahindi analipwa kifuta jasho kisichofuta hata kipaji cha uso, mnategemea aimbe wimbo wenu wa uhifadhi? Akisikia "wazungu wamezuia barabara" ataamini, na ana sababu. Anayeishi na tembo anastahili kuwa wa kwanza kupata lami. Angepata mapema barabara ya Musoma na ya Tarime, mwanasiasa asingekuwa na cha kumdanganyia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na sifichi:

Kwanza, Makutano–Natta–Mugumu na Tarime–Nyamongo–Mugumu zimalizwe kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo kuhusu hifadhi.

Pili, Loliondo–Mto wa Mbu imalizwe.

Tatu, njia ya kusini ijengwe kweli, si kwa mikataba ya kupigia picha.

Nne, zile kilomita 53 zisifunguliwe kwa malori, usiku wala mchana, na katazo hilo liandikwe kwenye sheria, si kwenye barua ya waziri. Mawaziri hupita.

Tano, mwananchi wa Mara anayepita hifadhini kwa basi la abiria kwenda kumzika ndugu yake Arusha asitozwe kama mtalii. Hili halihitaji katapila hata moja.

Uchaguzi ujao mtakapoahidiwa tena "barabara ya Serengeti", msipige makofi haraka. Muulizeni mgombea inaanzia wapi, inaishia wapi, na kati yake anakaa nani. Kama jibu ni nyumbu, basi jueni barabara hiyo si yenu.

Nawasilisha.