Nyuklia Siaya: Nani Atalipia Kuchelewa?

Wakazi wa Uyombo, kaunti ya Kilifi, waliukataa katakata mtambo wa nyuklia, wakakabiliana na polisi mwaka 2024. Badala ya kuketi na kuuliza kama mpango wenyewe una kasoro, serikali ilifunga virago, ikavuka nchi nzima na kubisha hodi Siaya, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Huko imepata mapokezi mema, na sasa inajigamba kana kwamba kizingiti kilikuwa kiwanja tu. Sivyo. Mpaka umma uonyeshwe nani atakopa, kwa riba gani, na nani atabeba hasara kazi ikichelewa, mkataba wa mradi huu haufai kutiwa saini.

Watetezi wana hoja zao. Viwanda vinahitaji umeme usiokatika, ukame hupunguza maji kwenye mabwawa ya umeme ya Mto Tana, na nyuklia haitoi moshi. Yote ni kweli. Vijana wa Siaya nao huenda wakapata kazi. Lakini hakuna hoja hata moja kati ya hizo inayogusa bili.

Na bili ndiyo kiini cha mambo. Tumeambiwa megawati 1,000 zitagharimu takriban Sh500 bilioni, ujenzi uanze 2027 na umeme upatikane 2034. Finland, nchi iliyokuwa na vinu tayari, ilianza kujenga Olkiluoto 3 mwaka 2005 ikitarajia umeme 2009. Kinu hicho kiliingia kazini rasmi 2023. Nchini Marekani, vinu viwili vipya vya Vogtle katika jimbo la Georgia vilichelewa miaka saba na gharama ikapita dola bilioni 30, zaidi ya maradufu ya makadirio ya awali. Ujenzi unaweza kusimama, riba haisimami. Huendelea kujumlishwa kabla hata uniti moja ya umeme haijauzwa.

Wala hatuhitaji kwenda Finland kujifunza. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilikuwa tayari mwanzoni mwa 2017. Laini ya kusafirisha umeme huo, zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, haikuwa tayari. Kuijenga lilikuwa jukumu la serikali, na mwanakandarasi wake kutoka Uhispania alifilisika. Laini ilikamilika Septemba 2018. Mkataba ulikuwa umeifunga serikali kulipa laini ikichelewa, na fidia ikafika mabilioni ya shilingi, sehemu yake ikipitishwa kwenye bei ya umeme. Wakenya walilipia upepo ambao haukuwasha hata balbu moja.

Hiyo ilikuwa laini ya nguzo na nyaya. Sasa serikali hiyo hiyo inataka tuiamini na kinu cha nyuklia chenye uwezo unaozidi mara tatu ule wa Turkana, huku deni la taifa likiwa limepita Sh11 trilioni.

Tutaambiwa mwekezaji atakuja na fedha zake. Mwekezaji gani huyo ajaye bila dhamana ya serikali na mkataba wa kununuliwa umeme? Bangladesh inajenga mtambo wa nyuklia wa Rooppur kwa mkopo wa Urusi unaogharamia asilimia 90 ya mradi wa zaidi ya dola bilioni 12. Misri nayo ilichukua mkopo wa dola bilioni 25 kutoka huko huko kwa ajili ya mtambo wake wa El Dabaa. Anayekuuzia kinu ndiye anayekukopesha, na atadai chake hata taa zisipowaka.

Na mtu asitufunge mdomo kwa kisingizio cha siri ya kibiashara. Siri gani hiyo, ikiwa atakayeilipia ni mama wa Bondo, huko Siaya, anayenunua tokeni ya umeme ya shilingi 50? Rasimu ya mkataba iletwe Bungeni hadharani, vipengele vya riba, dhamana na fidia vikiwa wazi, kabla ya tingatinga la kwanza kufika Siaya. Serikali ikikataa, wabunge wasiupitishie mradi huu hata shilingi moja.